Babu wa Gereji Anajibu: Jensen ya 1973, "imefufuliwa kikamilifu"

Barua za safari hii zote zimetoka Uingereza, na nyingi zinazunguka gari moja, Jensen Interceptor. Kama mmeambizana, haya. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu kuna pesa nyingi mezani. Nyingine nitazipitia kwa kadiri ya uzito wake.

Shikamoo Babu. Mimi ni dereva wa lori, naishi Leicester, na nimejinyima muda mrefu ili ninunue gari la kale la safari ndefu. Sasa nimeona tangazo la Jensen Interceptor Mark III ya mwaka 1973, injini ya lita 7.2, rangi ya zambarau iliyokoza, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Muuzaji ana duka la magari ya kale upande wa Cheltenham na anataka pauni 74,950. Tangazo linasema gari "limefufuliwa kikamilifu, bila kujali gharama". Picha ni nyingi, zote za gari likiwa limeshang'aa. Nilikwenda kuliona. Alipoliwasha lilinguruma nikasahau hata nilikoegesha gari langu. Mke wangu anasema nimerogwa. Je, bei ni ya haki? Na nitajuaje kama kweli limefufuliwa au limepakwa rangi tu?
Aliyerogwa, Leicester

Marahaba mwanangu. Hujarogwa. V8, yaani injini ya silinda nane, ya ukubwa huo ikiamshwa ndani ya banda, hata shehe angegeuka kutazama. Ila mngurumo usiuingize kwenye hesabu ya bei, maana katika gari hilo ndicho kitu rahisi kuliko vyote.

Interceptor iliundwa West Bromwich, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapo kwako, na kampuni iliyoanzishwa na ndugu wawili, Richard na Alan Jensen. Ilitoka mwaka 1966. Umbo lilichorwa na Carrozzeria Touring wa Milan, bodi za mwanzo zikaundwa kwa Vignale huko Turin, kisha kazi ikahamishiwa West Bromwich. Injini na gia boksi ya otomatiki walinunua kwa Chrysler, Marekani. Hapo ndipo penye siri ya bei. Injini za ukoo huo ziliingia kwenye magari chungu nzima ya Kimarekani, kwa hiyo pistoni, gasketi, pampu ya maji na mengineyo yanapatikana mpaka leo bila kumtoa mtu machozi. Fundi yeyote mwenye akili timamu anaweza kuishusha, kuifungua na kuirudisha.

Bodi ni habari nyingine kabisa. Ziliungwa kwa mkono, bati kwa bati, viungo vikajazwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kupigwa tupa mpaka vikalingana. Kila fundi alikuwa na mkono wake. Ukitoa mlango wa Interceptor moja ukaupeleka kwenye nyingine, usishangae ukigoma kufunga. Kampuni iliwekwa chini ya mfilisi mwaka 1975, na 1976 kiwanda kikafungwa. Bati la gari hilo leo unalipata kwa mafundi maalumu wachache, au unalikunja mwenyewe. Mimi nimekula mkate wangu kwenye bati, Coventry, tangu nikiwa na nywele nyeusi, na nakuambia saa za kazi zinazoliwa na kutu ya Interceptor moja iliyooza vizuri zinaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Ndiyo maana watu hupaka rangi tu juu ya kutu.

Kwa hiyo rudi kwa huyo muuzaji umwambie maneno haya tu: naomba picha za gari likiwa bati tupu. Fundi aliyekata bati bovu akashona jipya hupiga picha, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyokula wiki zake na ndiyo anayoidai. Aliyejaza puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati, hapigi. Muuzaji akikuambia picha zilipotea, au mwenye gari wa zamani alikuwa "mtu wa faragha", wewe mshukuru, kunywa chai yake, uende zako.

Akikupa picha, zisome polepole. Anza na sili, lile bati refu linalopita chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Sili haina tabaka moja. Kuna bati la nje unaloliona na la ndani usiloliona, na la ndani ndilo linalobeba uzito. Kwenye picha nzuri utaona la nje limekatwa lote, la ndani likiwa wazi, limesuguliwa hadi likawa jeupe au limebadilishwa, kisha limepakwa dawa ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa. Ukiona picha moja la ndani lina madoa mekundu na picha inayofuata la nje jipya limeshachomelewa juu yake, wamefunika kutu hai. Itatokea tena, na safari hii itatokea ukiwa wewe ndiye mwenye gari.

Hakikisha pia picha ni za gari hilohilo. Tafuta hata moja inayoonyesha namba ya chesisi, au alama ambayo gari bado linayo leo: tundu la zamani la antena, kona ya bati iliyokunjwa kwa namna yake. Nimeshaona faili la picha za kupendeza sana ambalo nusu yake lilikuwa la gari jingine. Risiti nazo ni hivyo hivyo. Risiti ya maana ina namba ya usajili ya gari, saa za kazi na orodha ya bati zilizobadilishwa. Ile inayosema "bodi na rangi" kisha tarakimu moja nene chini, haikuambii kitu. Hayo maneno "bila kujali gharama" ni mazuri, sasa akuonyeshe hiyo gharama asiyoijali.

Halafu uliangalie gari kwa mara ya pili, na safari hii uvae nguo za kazi. Mwambie mapema asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini. Injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi hufichwa kwa kuchemshwa mapema.

Chukua sumaku ndogo, ile ya kubandika karatasi kwenye friji inatosha, uivike kitambaa laini usije ukakwangua rangi ya watu. Ipitishe taratibu chini ya milango, nyuma ya gurudumu la mbele, kuzunguka tao la gurudumu la nyuma, na kwenye ukingo wa chini wa kioo cha mbele. Bati likiwa karibu, sumaku inavuta na unaisikia mkononi. Chini yake pakiwa na puti nene, inateleza kama haina kazi. Ila uwe na subira kwenye viungo, maana nimekwambia kiwandani walijaza risasi, na risasi nayo haishiki sumaku. Udhaifu mwembamba kwenye mstari wa kiungo ni wa kawaida. Udhaifu wa upana wa kiganja katikati ya bati si wa kawaida. Ukiweza kuazima kipimo cha unene wa rangi ni bora zaidi. Kinasoma kwa maikroni. Rangi iliyopigwa upya vizuri husoma mamia machache, na kikivuka elfu moja ujue chini yake kuna kitu kingine.

Sasa piga magoti, usione haya. Ingiza kidole ndani ya tao la gurudumu la nyuma, ufuate ukingo wake kutoka mbele hadi nyuma. Ukingo wa bati halisi ni mwembamba, umekunjwa, na kwa nyuma unausikia mkunjo wenyewe. Uliotengenezwa kwa puti ni mnene na mviringo kama mdomo wa bakuli la udongo. Kidole hakidanganyiki, jicho hudanganyika, na taa za dukani zimewekwa kwa ajili ya jicho. Ukiwa hapo chini tafuta matundu madogo ya kutolea maji chini ya sili na chini ya milango. Kama yamezibwa kwa rangi au kwa lami ya kupaka chini ya gari, maji yatakaa humo na kazi yote iliyofanywa itaanza kuoza kutoka ndani.

Kisha mwambie alinyanyue gari kwa jeki upande mmoja. Usiingie chini, jeki peke yake haiaminiki. Ufungue mlango na kuufunga likiwa limenyanyuliwa. Gari lenye mbavu za chini imara halijali. Lenye mbavu dhaifu linapinda kidogo tu, na mlango unaanza kugusa kwa juu au unakataa kushika kitasa. Kipimo hiki hakina gharama na wauzaji wengi hawakipendi. Akikataa kabisa, utakuwa umeshajibiwa.

Nyuma, kile kioo kikubwa kilichopinda ndicho mlango wa buti. Kinalifanya gari litambulike hata gizani, na kupata kingine si mchezo. Tazama mpira wake pande zote. Inua kapeti ya buti, gusa sakafu, nusa. Ngozi mpya ya viti haiwezi kuficha harufu ya kapeti iliyolowa.

Umefika kwenye injini. Liwashe, washa kiyoyozi, liache lingurume likiwa limesimama kwa dakika 20 hivi, na wewe ukae na mshale wa joto kuliko unavyokaa na simu yako. Boneti ya Interceptor imejaa hadi pomoni. V8 kubwa, kompresa ya kiyoyozi, mabomba ya eksozi yanayopita karibu na kila kitu, na hewa haina njia ya kutosha. Kuchemka kwenye foleni ndiyo lawama yake ya miaka yote. Mshale ukipanda, feni za umeme ziingie kazini na mshale urudi. Ukiendelea kupanda, huenda ni rejeta, huenda ni feni, huenda ni zaidi. Zima, subiri dakika kumi, liwashe tena. Petroli ikiwa imechemka ndani ya kabureta litakusumbua hapohapo. Kuna dawa ya ugonjwa huo, lakini afadhali uujue kabla ya kulipa.

Gia boksi ni TorqueFlite ya gia tatu, ngumu kama punda. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta yake. Yawe mekundu. Yakiwa ya kahawia na yananuka kama kitu kilichoungua, toa gharama ya kuifungua kwenye bei. Umeme ujaribu swichi moja baada ya nyingine: kila kioo cha mlango, kila taa, feni ya ndani, vipangusio. Mafundi wengi hufufua bati, injini na viti, kisha wakaacha waya zilezile za zamani kwa sababu hazionekani kwenye picha.

Bei sasa. Pauni 74,950 ni bei ya Interceptor iliyo safi kwelikweli, kwa hiyo mdai ushahidi wa gari safi kwelikweli. Usiogope kama risiti zikijumlishwa zinazidi bei anayotaka. Ndivyo yalivyo magari haya, aliyelifufua mara nyingi ndiye aliyekula hasara, na mnunuzi wa baada yake ndiye hupata nafuu. Kinachotakiwa kukutisha ni bei ya juu na faili jembamba. Kabla hujatoa hata amana, mlipe fundi anayezijua Jensen akalikague. Watu wa Jensen Owners' Club watakuelekeza kwa mtu. Malipo yake ni kidogo ukilinganisha na sili moja.

Jambo la mwisho kwako: unanunua dukani, na hilo ni jema. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro au isiyolingana na maelezo yake. Kwa hiyo lihifadhi lile tangazo, lichapishe, na maneno "limefufuliwa kikamilifu" yaandikwe kwenye ankara. Ungelinunua kwa mtu binafsi ungekuwa na kinga ndogo sana. Kwenye mnada ungeongezewa na ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa, pamoja na VAT ya ada hiyo.

Na mkeo mchukue siku hiyo ya pili. Asiyependa gari huona mengi.

Shikamoo Babu. Mimi ni nesi, naishi Wolverhampton. Jirani yangu ni mama mzee wa Kiingereza aliyefiwa na mumewe. Kwenye gereji ya nyuma kuna Jensen iliyofunikwa turubai, haijatembea miaka mingi. Anasema mumewe aliipenda kwa sababu "inaendeshwa na magurudumu yote manne". Ninavyojua mimi hakukuwa na gari la aina hiyo zama zile. Anataka kuniuzia kwa bei ya kunihurumia tu, pauni 5,000, nami nafikiria kuifufua polepole. Nifanye nini?
Nesi, Wolverhampton

Marahaba binti yangu. Kabla ya yote, inua turubai upande wa mbele, utazame ubavuni, kati ya gurudumu la mbele na mlango. Interceptor ya kawaida ina tundu moja la kutolea hewa. Ukiona mawili yamefuatana, shika ukuta usianguke: hiyo ni Jensen FF.

Mumewe hakukosea. FF ilionyeshwa pamoja na Interceptor mwaka 1966, na ilikuwa na mfumo wa Ferguson wa kuendesha magurudumu manne kabla watu hawajazoea kitu hicho kwenye gari dogo la barabarani. Zaidi ya hapo ilikuwa na breki za Dunlop Maxaret zinazozuia magurudumu kufunga, kifaa kilichotokana na breki za ndege. Yote haya mwaka 1966! Kwa nje ni ndefu kidogo kuliko ndugu yake, inchi kama nne, na urefu huo wote uko mbele ya mlango, kwa sababu ilibidi kupata nafasi ya shafti na gia za kupeleka nguvu mbele. Ndiyo maana ya lile tundu la pili.

Zilitengenezwa 320 tu, hadi 1971. Kilichoziponza ni kwamba mitambo ile ilipangwa kwa usukani wa kulia, kuhamishia kushoto hakukuwezekana, na bila usukani wa kushoto soko la Marekani lilifungwa. Gari la bei mbaya lisiloweza kuuzwa Marekani lingeishi vipi?

Sasa mambo mawili, na la kwanza hutalipenda. Kama ni FF, pauni 5,000 si bei, ni sadaka, na anayeitoa hajui anatoa nini. Mwambie. Mwite mtu wa klabu ya wenye Jensen aje aitazame, awaambie nyote wawili, mkiwa mmekaa pamoja, ina thamani gani hata ikiwa imekufa. Akishajua na bado akataka kukuuzia kwa bei hiyo, hiyo ni hiari yake na baraka yako. Usipomwambia, wanawe watakuja kujua, na utakuwa jirani wa namna gani?

La pili, usianze kuifufua kwa mshahara wa unesi. Niliyoyasema juu kuhusu bati la Interceptor yote yanahusu FF, na juu yake ongeza mitambo ya mbele ambayo hakuna gari jingine linaloitumia. Kitengo cha Maxaret kikifa, utakitafuta kwa tochi. Kama unataka kujifunza kazi hii kwa mikono yako, nunua MGB GT, gari dogo la kale la Kiingereza. Ilitengenezwa Abingdon kwa wingi sana, kila kipande kinapatikana, hata bodi nzima mpya British Motor Heritage wamekuwa wakiitengeneza. Ukikosea kukata bati la MGB unanunua jingine Jumatatu.

Na msimwache mtu yeyote aiwashe hiyo FF "kujaribu tu". Injini iliyolala miaka mingi ikizungushwa kwa nguvu kwenye mafuta yaliyoganda huharibu kilichokuwa kizima.

Mzee, salaam aleikum. Nimeambiwa magari ya zamani hapa Uingereza hayalipi kodi ya barabara, hayaendi MOT (ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka), yanaingia London bure, na ukiyauza kwa faida serikali haikuulizi. Mbona inasikika kama utapeli?
Mwenye Mashaka, Croydon

Waaleikum salaam ndugu yangu. Si utapeli, ila kila moja ina sharti lake, na watu huyasahau masharti.

Gari likitimiza miaka 40 linaweza kuwekwa na DVLA, ofisi ya serikali ya usajili wa magari, kwenye daraja la magari ya kihistoria, na kodi yake ya barabara inakuwa sifuri. Halijiweki lenyewe, lazima uombe. Na hata ikiwa sifuri, kila mwaka unalikatia hiyo kodi ya sifuri na bima lazima iwepo. MOT nayo, tangu Mei 2018, gari la zaidi ya miaka 40 limesamehewa, isipokuwa liwe limefanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Hapo wenye magari "yaliyofufuliwa" wajiangalie, maana kuna wanaofufua kwa kuingiza injini na ekseli za kisasa.

Hiyo bure ya London ni ya ULEZ tu, ile ada ya magari yanayochafua hewa: haitozi gari lililo kwenye daraja hilo la kihistoria. Tazama kadi ya gari, ile V5C, isomeke hivyo. Uzee wa gari peke yake hautoshi. Na kwa kuwa tumeitaja V5C: inaonyesha nani kaandikishwa kulitunza gari, haithibitishi kwamba ni mali yake. Dai risiti ya alivyonunua yeye.

Kodi ya faida ya mtaji haitozwi kwenye gari la abiria, hilo ni kweli. Lakini ukila hasara nayo huwezi kuidai popote, na ukiwa unanunua na kuuza kama biashara, hayo ni mapato na utatozwa. Mtu akikuambia nunua gari la kale kama akiba ya uzeeni, mwulize gereji kavu ni kiasi gani kwa mwezi, matairi yanayozeeka bila kutembea ni kiasi gani, na bima. Kwa bima uchukue ile ya thamani mliyokubaliana mapema. Bila hiyo, gari likiibiwa watakulipa kwa kufuata jedwali la magari ya kawaida na utalia.

MOT mimi napeleka hata lililosamehewa. Ada yake ni ndogo, na kuna mtu mwingine anayelitazama chini likiwa juu ya lifti. Wewe unayenunua, ingia kwenye tovuti ya serikali uweke namba ya gari. Historia ya MOT tangu 2005 iko wazi, bure, na mkaguzi aliyeandika "kutu kwenye sili upande wa kushoto" hakuwa na sababu ya kumpendelea mtu. Gari la kale lisilo na hata kipimo kimoja tangu msamaha uanze si lazima liwe bovu, ila mimi ningelitazama kwa muda mrefu zaidi.

Babu, injini ya Marekani, umbo la Italia, bodi za kwanza Turin. Hii Jensen ni ya Kiingereza kwa lipi?
Mbishi, Luton

Kwa mikono iliyoiunga, na kwa kufilisika kwake. Nyingine za Kiingereza zilikuwa hivyo hivyo. Bristol walianza kutumia V8 ya Chrysler tangu gari lao la 407 la mwaka 1961. Gordon-Keeble walitia ya Chevrolet. AC 428 ilikuwa na injini ya Ford na bodi ya Frua wa Italia. Hata Aston Martin DB4, ambayo injini yake walibuni wenyewe, umbo walilichukua kwa haohao Touring wa Milan. Kiwanda kidogo hakina pesa za kubuni injini kubwa, kwa hiyo kilinunua iliyo tayari, chenyewe kikabaki na kile kilichokijua: bati, ngozi, mbao na kusikiliza matakwa ya mteja mwenye hela. Ukitaka kubisha zaidi, panda Interceptor kutoka Luton hadi Scotland, ufike mgongo hauumi, halafu uniandikie. Hela ya petroli utajitegemea, maana inakwenda maili kumi na kitu kwa galoni.

Shikamoo Babu. Nimenunua gari la 1968 lililofufuliwa. Nikifika kituoni nijaze E10 au E5? Muuzaji alisema "yoyote tu".
Mgeni wa Petroli, Reading

Marahaba. E5. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yaani ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hula mipira ya zamani na kuvuta maji ndani ya tangi. E5 ipo kwenye pampu ya daraja la juu, ile ya oktani 97 na kwenda mbele. Muulize pia huyo "yoyote tu" kama vitako vya valvu vilibadilishwa kuwa vigumu wakati injini ilipofunguliwa, kwa kuwa petroli yenye risasi iliondolewa sokoni tangu Januari 2000, na kama injini yako ni ya aina iliyoitegemea, bila vitako hivyo utahitaji dawa ya kuchanganya kila unapojaza.

Na usitembee na gari hilo kwenda mbali kabla hujafungua boneti ukabinya mipira ya petroli, mmoja mmoja, kwa vidole. Uliokauka una nyufa ndogo, ulioliwa unanata. Ukikuta mmoja hivyo, badilisha yote kwa pamoja na vibano vyake, uchukue mipira iliyoandikwa inavumilia ethanoli. Injini ikiwa baridi, na betri imechomolewa.